Lualaba: Mashine zilikwenda mgodini, shamba likabaki na jembe

KOLWEZI. Kila siku malori yenye shaba na kobalti hutoka Kolwezi na Fungurume, yakapita Likasi na Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Kwenye barabara hiyo hiyo, kutoka upande wa Zambia, huja malori mengine yakiwa yamebeba mahindi na unga. Jimbo ambalo madini yake yanaendesha viwanda vya dunia nzima halitoi katika udongo wake bukari ya kuwatosha wakazi wake.

Wengi husema vijana hawataki tena kushika jembe. Wengine hulaumu udongo. Lakini Lualaba hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ina mito isiyokauka na ardhi pana kuanzia Lubudi hadi Dilolo. Sababu kubwa iko katika historia: katika eneo hili mashine zilibadilisha maisha ya watu bila kugusa kazi ya mkulima. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, watu waliokuwa wakulima wakawa watu wa kiwanda, huku shamba likiendelea kulimwa kama lilivyolimwa na mababu.

Tofauti hiyo ina uzito leo, kwa sababu migodi mipya inazidi kuchukua ardhi, na mashine zake zinahitaji mikono michache kuliko zamani.

Shaba ilipokuwa kazi ya kiangazi

Wazungu hawakuwa wa kwanza kuyeyusha shaba ya Katanga. Misalaba midogo ya shaba imekutwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, kando ya mto Lualaba, na baadhi yake ina umri wa mamia ya miaka. Misalaba hiyo ilitumika kama pesa, kama mahari na kama heshima ya kumzika mtu mkubwa. Wayeyushaji wa shaba, hasa Wasanga na baadaye Wayeke wa Msiri aliyetawala kutoka Bunkeya, walijulikana kwa jina la wala shaba.

Watu hao walikuwa wakulima kwanza. Masika walilima mtama na ulezi, na baadaye mihogo na mahindi, mazao yaliyotoka Amerika. Walikata miti ya msitu mkavu, wakaichoma, wakapanda kwenye majivu, na baada ya miaka michache wakahamia sehemu nyingine ili ardhi ipumzike. Mavuno yakishaingia ghalani na mvua ikikatika, wanaume, na familia zao mara nyingi, walipanda kwenye vilima vyenye mawe ya kijani. Walichimba, wakachoma makala, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha. Mvua zilipokaribia, wote walirudi shambani.

Kwa hiyo mgodi ulifuata ratiba ya shamba. Aliyechimba alikuwa amekwisha kula, na chakula chake alikilima yeye na mke wake. Mpangilio huo ulidumu kwa vizazi vingi. Ulianza kuvunjika baada ya Msiri kuuawa tarehe 20 Desemba 1891 na eneo lote kuwekwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Reli, kodi na mikono ya mbali

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kwanza la kisasa likaanza kutoa shaba. Madini yalikuwepo na reli ilikuwepo. Watu wa kufanya kazi hawakuwepo wa kutosha.

Mkulima mwenye ghala lake hakuwa na sababu ya kwenda kuchimba kwa mshahara mdogo, mbali na nyumbani, mahali ambapo magonjwa yaliua wengi. Utawala ulimtafutia sababu. Kodi ya kichwa iliwekwa, na ililipwa kwa pesa. Mwaka 1910 iliundwa ofisi maalumu ya kuajiri vibarua, Bourse du Travail du Katanga, ambayo mawakala wake walizunguka vijijini. Machifu walitakiwa kutoa vijana. Wengine waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo, na katika miaka ya 1920 kutoka Lomami, Kasai na hata Ruanda-Urundi.

Katika miaka hiyo hiyo mashine zikaanza kuchukua nafasi ya mikono. Pale ambapo mamia ya vibarua walichota udongo kwa sepetu na kuujaza kwenye mabehewa, kampuni iliweka mashine kubwa za mvuke za kuchotea mawe. Zilinunuliwa kwa kuwa wafanyakazi walikuwa adimu na kuwaleta kutoka mbali kuligharimu fedha nyingi. Mgodi ukaanza kuhitaji mtu wa aina nyingine: fundi, dereva, mtu anayejua kusoma saa na vipimo, na asiyeondoka mvua ikianza.

Mwaka 1931 reli ya Tenke hadi Dilolo iliungana na reli ya Benguela inayokwenda bahari ya Atlantiki kupitia Angola. Miaka sita baadaye, mwaka 1937, Union Minière ilianzisha Kolwezi kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Mahali palipokuwa na vijiji na mashamba pakawa na mji uliopangwa kwa mahitaji ya kampuni: karakana, kambi za wafanyakazi, hospitali, shule, na upande mwingine nyumba za Wazungu. Katika miaka ya 1950 mto Lualaba ulizuiliwa kwa mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, kiwanda cha Luilu cha kusafisha shaba na kobalti kilianza kazi.

Posho badala ya ghala

Badiliko lililogusa maisha ya watu zaidi lilitokea jikoni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuacha kuzungusha vibarua wa muda mfupi. Ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu wanaume waje na wake zao, ikawajengea nyumba. Pamoja na mshahara, familia ilipewa posho: unga, samaki, nyama, chumvi, mafuta, kwa kipimo kilichofuata idadi ya midomo nyumbani.

Posho ilileta afya bora kambini na kupunguza vifo. Pia iliondoa shamba katika maisha ya mfanyakazi. Mwanamke ambaye kijijini alijua mbegu, udongo na majira, na ambaye ghala lilikuwa mikononi mwake, kambini alikuta mume ndiye mwenye kadi ya posho. Katika vituo vya kijamii vya kampuni wanawake walifundishwa kushona, kufuma na kutunza nyumba. Watoto walikwenda shule ya kampuni, wakatibiwa katika hospitali ya kampuni, na wengi wa wavulana wakaingia kazini mwa kampuni. Kizazi cha pili hakikujua tena kusoma dalili za mvua.

Unga wa posho ulitoka wapi? Sehemu ilitoka kwa wakulima wa Kasai na Lomami, ukasafirishwa kwa reli, na sehemu ilinunuliwa kusini, nje ya Congo. Tangu mwaka 1917 utawala wa kikoloni ulikuwa na sheria ya mazao ya lazima, iliyompa mkulima kiasi cha kulima na ambayo ilimwadhibu asipotimiza. Mkulima alitakiwa kutoa zaidi, kwa bei isiyopangwa naye, na kwa chombo kile kile alichokuwa nacho.

Mbona plau haikufika?

Uingereza, nchi ambayo mara nyingi hutajwa kama mfano wa mapinduzi ya viwanda, ilipita njia tofauti. Huko kilimo kilianza kubadilika kabla ya viwanda kukua na kiliendelea kubadilika pamoja navyo: mzunguko mpya wa mazao, plau bora, mbegu na mifugo iliyochaguliwa, kisha mashine za kupanda na kupura nafaka. Badiliko hilo lilikuwa na machungu yake, kwa kuwa wakulima wengi maskini walinyang'anywa ardhi ya pamoja. Lakini wakulima wachache waliobaki waliweza kulisha sehemu kubwa ya watu waliohamia mijini. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba wakazi wa miji walikuwa wamewapita wa vijiji.

Katanga haikupata hatua hiyo. Sababu moja ni ya asili: mbung'o. Katika sehemu kubwa ya misitu ya eneo hili ng'ombe hufa kwa ugonjwa unaoletwa na nzi hao, na pasipo ng'ombe hakuna wa kukokota plau. Udongo nao una asidi nyingi na hauna rutuba kubwa. Wakulima wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana walitegemea majivu na kuhamahama. Ili kulima mahali pamoja kila mwaka, udongo huo unahitaji chokaa na mbolea.

Sababu nyingine ni ya uamuzi wa watu. Fedha, reli, umeme na mafundi vilielekezwa mgodini. Chokaa ni mfano mzuri. Mawe ya chokaa yako Lubudi, ndani ya jimbo, na tangu enzi za ukoloni yametumika kutengeneza saruji. Umeme ni mfano mwingine. Mwaka 1982 ulizinduliwa waya mkubwa kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Ulijengwa ili kulisha migodi ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, na ulipita juu ya vijiji na mashamba mengi bila kuwasha taa wala kinu kimoja njiani.

Trakta zilipofika, zilifika kupitia mlango wa mgodi. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na kampuni ya taifa iliyochukua nafasi yake ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1984 Gécamines iligawanywa katika matawi, na moja kati yake, Gécamines-Développement, lilipewa kazi ya kilimo na ufugaji. Kampuni ya shaba ililima mahindi kwa mashine ili kuwalisha wafanyakazi wake. Mkulima wa kijiji cha jirani hakuwa sehemu ya mpango huo.

Baba alipoondoka

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Iliajiri zaidi ya watu 30,000 katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na nyuma ya kila mfanyakazi kulikuwa na familia kubwa. Watu walisema Gécamines ni baba na ni mama.

Kisha mambo yakaharibika haraka. Faida ilichukuliwa na serikali ya Kinshasa bila mashine kufanyiwa matengenezo. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, mjini Kolwezi, ilibomoka. Miaka iliyofuata ilileta uporaji, mapigano ya kisiasa na kufukuzwa kwa familia nyingi zenye asili ya Kasai, ambazo baadhi ya watu wake walikuwa mafundi wa siku nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2003, kwa msaada wa fedha wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara.

Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyeandika juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Katika familia nyingi ni wanawake waliokamata usukani. Walilima kila kipande kilichokuwa wazi: nyuma ya nyumba, kando ya reli, ndani ya maeneo ya kampuni yaliyokuwa yamelala. Mihogo na sombe viliokoa mji wa viwanda usife njaa. Wengine walianza biashara ndogo ya unga, makala na nguo kuukuu.

Mji uliokuwa na kiwanda cha kisasa ukarudi kwenye jembe, na jembe lilikuwa lile lile. Kama miaka 50 ya viwanda ingekuwa imeacha nyuma mbegu bora, chokaa, barabara za mashamba na vyama vya wakulima, familia hizo zingerudi kwenye kilimo kilichoimarika. Zilianza upya bila msaada, nyingi zikiwa zimesahau kazi yenyewe.

Waliokosa shamba walichukua njia ya tatu, ya kuchimba kwa mikono. Wanaume waliozaliwa katika nyumba za kampuni, wengine wakiwa na vyeti vya ufundi, waliingia kwenye mashimo kwa nyundo, patasi na magunia. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 iliwatambua wachimbaji hao, lakini maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao yamekuwa machache, na mengi hayana madini ya kutosha au yako mbali.

Tani nyingi, mikono michache

Sheria hiyo hiyo ya 2002 ilifungua mlango kwa kampuni za nje. Leo Kolwezi imezungukwa. Glencore iko Kamoto na Mutanda. Kampuni za China ziko Sicomines, zilizoingia kwa mkataba wa 2008 wa madini kwa miundombinu, na COMMUS iko ndani ya mji wenyewe. CMOC inaendesha Tenke Fungurume. Magharibi mwa mji, Kamoa-Kakula, inayomilikiwa na Ivanhoe na Zijin pamoja na serikali, ilianza kuzalisha Mei 2021.

Mwaka 2024 Kamoa-Kakula peke yake ilitoa tani 437,061 za shaba, karibu sawa na Gécamines nzima katika mwaka wake bora. Nchi kwa jumla imepita tani milioni 3 kwa mwaka na kuwa ya pili duniani baada ya Chile. Katika kobalti, Congo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote inayochimbwa duniani.

Ajira za kudumu hazikukua kwa kipimo hicho. Gari moja la mgodi wa wazi linaweza kubeba zaidi ya tani 100 za mawe likiwa na dereva mmoja. Kiwanda cha kusaga na kusafisha madini huendeshwa kutoka chumba chenye kompyuta. Kazi nyingi nyingine hutolewa kupitia kampuni za kati, kwa mikataba mifupi. Hospitali, nyumba na posho za wakati wa Gécamines hazimo tena katika mkataba wa kawaida wa kibarua.

Pia soko linaweza kusimama kwa amri moja. Februari 2025 serikali ya Congo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na Oktoba mwaka huo ikaweka mfumo wa viwango kwa kila kampuni. Uamuzi huo ulilenga kuinua bei. Ulionyesha vilevile jinsi riziki ya jimbo zima inavyoning'inia kwenye bei inayoamuliwa mbali na Kolwezi.

Kasulo: kutoka ua hadi shimo

Mtaa wa Kasulo unaonyesha safari yote hiyo katika sehemu moja. Ulikuwa mtaa wa makazi, wenye nyumba, miti ya maembe na bustani za mboga. Mwaka 2014 mkazi aliyekuwa akichimba uani kwake alikuta mawe yenye kobalti nyingi. Baada ya muda mfupi familia nyingine zilikuwa zikichimba chini ya vyumba vyao. Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliziondoa mamia ya familia katika sehemu ya mtaa huo, ukuta ukajengwa, na haki ya kununua madini ya hapo ikapewa kampuni ya Congo Dongfang Mining.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya Kasulo. Watoto wanaoishi hapo walikuwa na kobalti katika mkojo mara 10 hivi kuliko watoto wa sehemu isiyo na uchimbaji. Vumbi huingia ndani ya nyumba, na linatua pia kwenye majani ya mboga.

Mwaka 2023 shirika la Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa nguvu ili kupisha migodi. Ndani yake kulikuwa na wakazi wa mjini, wakiwemo wa Cité Gécamines inayopakana na mgodi wa COMMUS, na pia wakulima waliopoteza mashamba. Malalamiko makubwa yalikuwa mawili: watu hawakushauriwa ipasavyo, na fidia haikutosha kununua nyumba au shamba lenye thamani ile ile mahali pengine.

Ardhi ni ya nani?

Hapo ndipo penye fundo la sheria. Tangu sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo na kilicho chini yake ni mali ya serikali. Mwananchi anaweza kupewa haki ya kutumia. Kuhusu ardhi za jamii zinazolimwa kwa desturi, sheria ya 1973 iliahidi kwamba amri ya rais ingekuja kueleza haki zao. Wakulima waliisubiri amri hiyo kwa miongo kadhaa, huku vibali vya migodi vikitolewa juu ya ardhi wanayolima.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona wakati wa fidia. Kampuni huhesabu miti ya maembe, mistari ya mihogo, majani ya sombe. Inalipa kilichoota. Lakini shamba lingeendelea kulisha familia mwaka kesho, na mwaka wa kumi, na baada ya mzee kufa lingewalisha watoto. Pesa za msimu mmoja huisha kwa kodi ya nyumba na karo ya shule. Baada ya hapo mkulima aliyehamishwa huingia mjini bila shamba na bila ufundi wa kuajiriwa mgodini. Wengi wa vijana wanaoonekana kwenye mashimo, au wakisubiri mbele ya nyumba za kununulia madini, wametoka katika familia kama hizo.

Unga wa jirani

Kutegemea chakula cha nje kuna bei yake. Mwaka 2023 Zambia ilipobana usafirishaji wa mahindi, bei ya unga ilipanda sana Haut-Katanga na Lualaba. Mwaka 2024 Zambia yenyewe ilipigwa na ukame mkubwa hadi ikatangaza janga la kitaifa. Mfanyakazi wa mgodi na mchimbaji wa mikono wote walilipa. Mshahara wa migodini ukipanda kwa asilimia chache, bei ya mfuko wa unga inaweza kuumeza kwa wiki moja.

Wanasiasa wanajua jambo hili. Rais Félix Tshisekedi amerudia mara nyingi kwamba udongo lazima ulipize kisasi juu ya madini yaliyo chini yake. Kabla yake, Mobutu alikuwa ametangaza kilimo kuwa cha kwanza kuliko yote. Kinachokosekana ni kuhamisha sehemu ya nguvu ya mgodi kuipeleka shambani, na safari hii sheria inatoa njia za kufanya hivyo.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mtaa, sekta au usultani ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kila kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na kutia sahihi na jamii hizo orodha ya kazi itakazofanya. Katika mitaa ya Dilala na Manika, Fungurume na sekta za Mutshatsha na Lubudi, fedha hizo ni nyingi kuliko zilizowahi kupita mikononi mwa viongozi wa ngazi hiyo.

Orodha za aina hiyo mara nyingi hujaa majengo, kwa kuwa jengo huonekana siku ya uzinduzi. Chokaa ya Lubudi iliyosagwa na kuletwa hadi kijiji, trakta ya pamoja yenye fundi na vipuri, barabara inayopitika masika, kinu cha umeme karibu na nyaya zinazopita, mbegu zilizojaribiwa kwa udongo wa hapa: hivi haviwezi kukatwa utepe kwa urahisi, lakini ndivyo ambavyo mgodi ulipewa tangu mwanzo na shamba likanyimwa. Reli ya Lobito, inayofufuliwa kwa fedha za nje ili kupeleka shaba baharini, itapita Mutshatsha na Dilolo. Kama haitakuwa na vituo na maghala ya kupakia mahindi na mihogo, itakuwa njia nyingine inayopita juu ya mkulima.

Jambo la haraka zaidi ni fidia. Machifu wa kimila, mashirika ya raia na wabunge wa jimbo wanaweza kudai kwamba anayepoteza shamba apewe shamba, lililotayarishwa, kabla ya katapila kuingia, na kwamba kila kibali kipya kionyeshe mapema idadi ya hekta za mashamba zitakazopotea na mahali zitakapofidiwa. Kwa ardhi iliyokwisha kuchimbwa hakuna mengi ya kuokoa. Lakini vijiji vingi vya Lubudi, Sandoa, Kapanga na Dilolo bado vina mashamba yao, na ramani za utafutaji wa madini zinasogea upande huo mwaka hadi mwaka.